Simu, DSLR iliyotumika au kamera inayohimili maji: ipi ya kushika usiku wa mvua Mtwara

Mvua zikikaribia, vijana wanaopiga picha hapa Mtwara huniletea swali moja: nibaki na simu yangu, nitafute DSLR iliyotumika (kamera kubwa ya kubadilishwa lenzi, yenye kioo cha ndani), au nijichange ninunue kamera inayohimili maji? Jibu la mpiga picha wa Dar halitamfaa sana mtu wa huku. Kusini hatuna vuli na masika. Msimu wetu ni mmoja, unaanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili, mara nyingine unagusa Mei. Ni miezi mingi ya lami iliyolowa. Kamera nyingi hulala kabatini kipindi hicho, na mimi naona ndicho kipindi mji huu unapendeza usiku kuliko kipindi kingine chochote cha mwaka.

Nalinganisha kwa kazi moja tu: picha za mtaani, giza limeshaingia, mvua inanyesha au ndiyo kwanza imekatika. Kama shida yako ni harusi, mpira pale Nangwanda Sijaona au picha za pasipoti, hesabu ni nyingine kabisa na usinifuate.

Mwanga wa huku ukoje

Kabla ya kulinganisha vifaa, tazama mwanga utakaovitumia. Barabara kuu zina taa za LED juu ya nguzo, nyeupe na zinazomwaga mwanga toka juu. Ukikunja kuingia mitaa ya Magomeni au Chikongola, mwanga unashuka chini: balbu ya duka la Mangi, taa ya bajaji, makaa ya jiko la mishkaki, kibanda cha wakala wa kutuma pesa, simu inayomulika uso wa mtu aliyejikinga chini ya bati. Ni mwanga mdogo, uko usawa wa kifua, na unatoka pembeni.

Wengi huuona huo kuwa upungufu. Kwa mvua ni neema. Tone la mvua huonekana kwenye picha linapomulikwa kutoka nyuma au ubavuni. Ukisimama taa ikiwa mgongoni kwako, mvua inapotea na unabaki na picha ya barabara chafu. Zunguka, iweke bajaji mbele yako taa zikikutazama, au simama upande wa pili wa duka ili balbu iwe nyuma ya matone, na kila tone linawaka. Kifaa chochote utakachonunua, hilo halibadiliki.

Sasa kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inaacha mwanga uingie. Tone kubwa la mvua huanguka kwa mita 8 hadi 9 kwa sekunde. Ukipiga kwa 1/60 ya sekunde, tone linachora mstari wa sentimita 14 hivi. Kwa 1/250 mstari unabaki sentimita tatu na nusu. Kwa 1/500 haufiki sentimita mbili na mvua inaanza kufanana na vumbi. Mtu anayetembea kwa haraka anahitaji walau 1/100 ili miguu isiyeyuke sana. Kuna jambo jingine ambalo watu hulisahau: umeme wetu ni wa hertzi 50, kwa hiyo taa nyingi za bei rahisi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Ukienda kasi zaidi ya 1/100 chini ya taa hizo unaweza kukuta mistari ya giza imekatiza picha. Ndiyo maana mimi huanzia 1/100: mvua inachora mstari wa sentimita nane hivi, mtu anasomeka, taa hazichezi.

Basi swali la ununuzi ni hili: kifaa kipi kinaweza kupiga kwa 1/100 chini ya balbu moja ya duka na bado kikakupa picha inayotazamika?

Simu

Simu ina sifa mbili ambazo kamera haitazipata. Iko mfukoni muda wote, na hakuna anayeishangaa. Ukiitoa mbele ya kibanda cha chipsi, watu wanaendelea na mambo yao. Nyingi za bei ya juu zina kiwango cha IP67 au IP68, maana yake zimepimwa kwa kuzamishwa kwenye maji: IP67 ni mita moja kwa dakika 30, IP68 ni zaidi ya hapo kwa masharti ya mtengenezaji. Mvua ya kawaida haizitishi. Ila kumbuka vipimo hivyo hufanyika kwa maji matamu na simu mpya. Simu iliyowahi kufunguliwa na fundi kubadilishwa kioo, usiiamini tena, na maji ya chumvi hayamo kwenye ahadi hiyo. Kwa sisi tulio pwani hilo si jambo dogo.

Tatizo kubwa la simu liko kwenye kitu kinachosifiwa zaidi, yaani hali ya usiku. Simu haipigi picha moja. Inapiga nyingi mfululizo kwa sekunde moja, mbili, hata tatu, inazipanga na kuzichanganya kuwa moja. Ukuta uliotulia unatoka safi ajabu. Lakini tone la mvua lililokuwa hapa kwenye picha ya kwanza halipo kwenye ya pili, na programu inaliona kama takataka ya kuondoa. Matokeo yake mvua inafutwa. Unarudi nyumbani na picha ya mtaa uliolowa usio na mvua, na mwendesha bodaboda aliyepita amekuwa kivuli kisicho na kichwa.

Dawa ipo: zima hali ya usiku. Kama simu yako ina sehemu ya kupangilia mwenyewe, weka shata 1/100 au 1/60, ISO (namba ya kamera kukuza mwanga; ikipanda, chengachenga zinaongezeka) isizidi 1600, na kama inaruhusu faili la RAW, yaani picha ghafi kabla simu haijaichakata, lichukue. Hapo ndipo utaona ukubwa halisi wa sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga. Sensa ya APS-C, iliyomo kwenye DSLR nyingi za kawaida, ina milimita 23.5 kwa 15.6 hivi, na ya Canon ni ndogo kidogo. Ya simu ya bei ya kati, upande wake mrefu mara nyingi ni milimita 6 hadi 8. Kwa tundu la lenzi lile lile, kubwa inakusanya mwanga mara nyingi zaidi. Kwa hiyo simu bila hali ya usiku itakupa chengachenga kwenye giza, na giza ndilo nusu ya picha zetu.

Bado simu inashinda sehemu moja, na inashinda wazi: pale mwanga ulipo karibu na mkali. Uso wa mtu anayenunua vocha kwenye dirisha la duka, mvuke wa chai chini ya turubai, dimbwi lililo futi mbili kutoka kwenye balbu. Mahali kama hapo simu ya miaka hii inatosha. Inashinda pia kwenye dimbwi kwa sababu unaweza kuigeuza kichwa chini, lenzi ikakaribia kugusa maji, na nusu nzima ya picha ikawa mtaa uliopinduka. Ukiwa na kamera nzito utalazimika kulala kifudifudi kwenye tope.

Mambo mawili ya mkononi. Kioo cha simu kikilowa, matone hukibonyeza yenyewe na kuhamisha fokasi. Piga kwa kitufe cha sauti. Na lenzi ya simu ni ndogo kiasi kwamba tone moja linaifunika yote, tena ina mafuta ya vidole ambayo hugeuza kila taa kuwa mstari mrefu unaokatiza picha. Futa kabla ya kila picha, kwa kipande cha khanga iliyochakaa. Khanga mpya ina wanga, haifyonzi.

DSLR iliyotumika na lenzi ya f/1.8

Hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure.

Kijana akijichanga hununua bodi, yaani kamera bila lenzi, mpya kadiri anavyoweza, kisha anatumia lenzi iliyokuja nayo kwenye boksi, ile ya 18-55. Lenzi hiyo ikiwa milimita 18 inafunguka f/3.5, ikivutwa hadi 55 inabaki f/5.6; namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa. Lenzi ya f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara nne kuliko f/3.5, na karibu mara kumi kuliko f/5.6. Mara kumi! Hakuna bodi utakayonunua leo itakayokupa tofauti hiyo juu ya bodi ya miaka kumi iliyopita. Kwa vitendo: balbu moja ya duka, 1/100, lenzi ya f/5.6 itakulazimisha upandishe ISO hadi 12800 au zaidi, ya f/1.8 itakuruhusu ubaki kwenye 1600. Picha ya kwanza utaiona aibu kuituma, ya pili utaipeleka kuchapisha.

Kwa hiyo bodi kama Canon 700D ya mwaka 2013 au Nikon D3300 ya 2014, zilizozagaa sokoni kama vifaa vilivyotumika, zikipata lenzi ya f/1.8 zinaishinda bodi mpya yenye lenzi ya boksi, kwa kazi hii ya usiku wa mvua. Canon ina 50mm f/1.8 STM, ndogo, nyepesi, na ni miongoni mwa lenzi zake za bei nafuu zaidi. Nikon ina 35mm f/1.8G DX iliyotengenezwa maalumu kwa sensa ya APS-C. Mojawapo ya hizo mbili ndiyo kitu cha kwanza cha kununua, bodi ifuate.

Udhaifu wake sitauficha. Bodi hizi hazina kinga ya maji, wala lenzi hizo hazikuzibwa za kutosha kwa mvua. Fokasi zake gizani ni za kusuasua. Tumia nukta ya katikati peke yake, ndiyo yenye macho makali, na uilenge kwenye mpaka wa mwanga na kivuli, kama ukingo wa mwavuli au pembe ya bango. Ukilenga kwenye shati jeusi lenzi itahangaika mbele na nyuma mpaka mtu atokomee. Ukitazama kwa kioo cha nyuma badala ya tundu la jicho, fokasi inakuwa nzito zaidi. Halafu kuna ule mlio wa kioo cha ndani kikipanda na kushuka. Kwenye kelele za mvua juu ya mabati hausikiki, lakini mvua ikikatika mtaa mzima unakusikia.

Upande wa betri DSLR ni baba lao. Chaji moja inapiga picha mia kadhaa, na usiku wa mvua umeme ukikatika huna wasiwasi. Tena umeme ukikatika usirudi nyumbani. Taa za barabarani zikizima, mtaa unabaki na bajaji, sola za maduka na tochi za simu. Kila mwanga unakuwa na mmiliki wake, na unaweza kumpiga mtu mmoja akiwa amezungukwa na weusi mtupu. Kwa wakati huo simu haina jibu, f/1.8 na ISO 3200 vinalo.

Kuhusu mirolesi (kamera za kubadilishwa lenzi zisizo na kioo cha ndani) za umri huo huo, mfano Sony a6000 ya 2014: ubora wa picha uko sawa au juu kidogo, bodi ni ndogo na hazishtui watu, na unaona giza na mwanga wa picha kabla hujabonyeza. Betri zake zinaisha upesi, lenzi zake za f/1.8 ni ghali kuliko za Canon na Nikon, na maji haziyawezi vilevile. Ukiipata kwa bei nzuri pamoja na lenzi, chukua. Ukiipata bodi tupu, fikiri mara mbili.

Kamera inayohimili maji

Zipo kamera zilizozibwa kwa mipira kwenye vitufe na maungio: Fujifilm X-T1, X-T2 na X-T3, Olympus E-M5, Pentax K-50. Zinavutia, na kwa mji wa mvua utadhani ndilo jibu lenyewe. Mimi sikubali, kwa sababu tatu.

Kwanza, bodi iliyozibwa haina maana kama lenzi haikuzibwa. Maji hupita pale lenzi inapoungana na bodi. Fujifilm wanayo 35mm f/2 yenye herufi WR, yaani imezibwa, nzuri mno, lakini bei yake pamoja na bodi inapita DSLR na lenzi mbili. Lenzi za f/1.8 za bei ya chini karibu zote hazikuzibwa kikamilifu, kwa hiyo ukiokoa pesa kwenye lenzi umeipoteza kinga uliyoilipia. Pili, watengenezaji wenyewe hawasemi kamera hizi haziingii maji. Wanasema zinahimili, na kamera iliyotumika miaka kumi huenda mipira yake imeshakauka bila wewe kujua. Tatu, ukiharibikiwa huku kusini, fundi wa Canon au Nikon utampata Kariakoo, zaidi ya kilometa 550 kutoka hapa, na vipuri vipo. Kwa Pentax na Olympus utahangaika.

Anayezihitaji kweli ni yule anayesimama mvuani saa nzima bila kujikinga, mwandishi wa habari kwa mfano, au mtu anayefuata wavuvi hadi ufukweni. Mpiga picha wa mtaani ana baraza.

Lenzi ya milimita 35 au 50?

Swali hili halijibiwi sawa kwa mji mzima. Mtwara mjini ulipangwa mwishoni mwa miaka ya 1940, enzi za mradi wa karanga wa Waingereza, na barabara zake ni pana. Ukisimama upande mmoja na lenzi ya 50 kwenye sensa ya APS-C, ambayo kwa Canon inaona kama 80 ya kamera ya filamu na kwa Nikon kama 75 (namba ikikua, lenzi inavuta karibu zaidi), unampata mtu wa ng'ambo akikimbia na mfuko wa saruji kichwani badala ya mwavuli, bila kumsogelea. Nafasi ipo. Lenzi ya 50 pia inazigeuza taa za mbali kuwa miduara mikubwa laini, na mvua ikiwa mbele yake inapendeza.

Nenda Mikindani, kilometa kumi hivi kutoka mjini, na 50 inakuwa kifungo. Vichochoro vya mji mkongwe ni vyembamba, kuta za mawe na chokaa ziko ubavuni kwako, balkoni za mbao ziko juu ya kichwa, na ukirudi nyuma kutafuta nafasi mgongo unagonga mlango wa mtu. Pale ni 35, na ukipata 24 ni bora zaidi. Kuta zile zikilowa zinakuwa na rangi tatu nne kwa mwanga wa balbu moja. Na simu, ambayo lenzi yake kuu huona kama 24 hadi 28 hivi, ghafla inakuwa na pembe inayofaa kuliko kamera yenye 50. Kwa Lindi mjini ningebeba 35: mitaa imenyooka na kukatana, majengo ya zamani ya biashara yako karibu na barabara, na ghuba unaiona mwisho wa mtaa.

Ukiniambia nichague moja kwa mtu anayeishi hapa na kwenda kote, ni 35. Kwa Nikon ile ya DX inaona kama jicho linavyotazama bila kuvuta. Mwenye Canon aanze na 50 kwa sababu ya bei, kisha atafute 24mm f/2.8 STM nyembamba. Inaingiza mwanga kiasi cha chini ya nusu ya f/1.8, lakini kwa Mikindani ni afadhali hiyo kuliko kukosa nafasi.

Tripodi, mwavuli, baraza

Tripodi ina kazi yake: bandari ya zamani ya Mikindani saa ya buluu (zile dakika kati ya jua kuzama na giza kuingia), mistari ya taa za magari kwenye barabara iliyolowa. Kwa mtaa wenye watu inakufunga miguu na kukuitia maswali. Upepo wa kaskazi ukivuma inatikisika, na kuacha shata wazi sekunde mbili hakumzuii mtu kutembea. Mimi naiacha. Ukuta, meza ya muuza mihogo au kiti cha bajaji iliyoegeshwa vinatosha.

Saa ya buluu yenyewe huku ni fupi. Msimu wa mvua jua huzama kati ya saa 12 na dakika kumi na saa 1 kasoro dakika kumi jioni, kutegemea mwezi, na giza huingia baada ya dakika ishirini hivi. Ndizo dakika ambazo simu na kamera zinakaribiana zaidi kwa ubora. Mwenye simu azitumie zote.

Mwavuli unakula mkono mmoja, na kwa DSLR huo ni mkono unaouhitaji. Zamani tulifunika kamera kwa mfuko wa rambo, lakini mifuko ile ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019. Mbadala mzuri ni kofia ya plastiki ya kuogea, ile yenye mpira pembeni: inaivaa kamera mgongoni, mpira unabana nyuma ya lenzi, na vidole vinaingia chini. Ongeza kikinga cha mbele ya lenzi ili matone ya pembeni yasifike kwenye kioo.

Kuliko vyote, baraza. Maduka ya zamani ya Mikindani na Lindi yana baraza zilizofunikwa, na Mtwara mjini kuna mapaa ya bati yanayotokeza mbele ya vibanda. Ukisimama hapo unapata ukavu, maji yanayomwagika kutoka ukingoni kama pazia lililomulikwa, na watu wanaokuja kwako wenyewe kujikinga. Hao watu ndio picha. Msalimie kwanza aliyekutangulia, maana umeingia barazani kwake.

"Shikamoo mama. Naomba kujikinga hapa kidogo, na kama utaniruhusu nipige picha ya mvua na jiko lako."

"Marahaba mwanangu. Piga, ila usinipige nikiwa na hili shuka."

Basi humpigi na shuka. Unapiga mikono yake inayogeuza vitumbua, moto ukimulika kutoka chini, na mvua nyuma yake ikishuka kwenye taa ya bajaji. Kwa picha hiyo simu na DSLR zote zinaweza. DSLR itamtenga na kelele za nyuma, simu itaonyesha kila kitu mpaka ndoo. Mimi napenda ya kwanza. Na usigeuze lenzi kwenye geti la bandari, kituo cha polisi au kambi, iwe kwa simu au kwa kamera.

Fleshi iache nyumbani. Inamulika matone yaliyo karibu na lenzi na kuyafanya madoa meupe, na inaua mwanga wote mdogo niliokuwa nikiusifu.

Nani achukue nini

Una simu ya miaka mitatu minne hii na hujawahi kupiga msimu mzima wa mvua: baki nayo, zima hali ya usiku, jifunze kusimama upande sahihi wa taa. Usinunue chochote mpaka msimu ukatike. Una simu ya bei ndogo na umeshajua unachotaka: tafuta Nikon ya daraja la D3300 na 35 f/1.8, au Canon ya daraja la 700D na 50 f/1.8. Tayari una DSLR yenye 18-55: usiibadilishe bodi, nunua lenzi tu. Unauza picha kwa magazeti na unalipwa kwa kusimama mvuani: hapo kamera iliyozibwa pamoja na lenzi iliyozibwa zitarudisha gharama.

Kwa wote hao, adui wa baadaye ni unyevu na chumvi ya hewani zaidi ya mvua yenyewe. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda nje, lenzi inapata ukungu papo hapo. Iweke kwenye begi lililofungwa, uiache nje robo saa kabla ya kuifungua. Ukirudi, futa bodi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji matamu kuondoa chumvi, kisha kikavu, toa betri na kadi, acha milango yake wazi. Usiizike kwenye mchele; vumbi lake linaingia kwenye maungio. Hifadhi kwenye chombo cha plastiki cha chakula chenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vifuko vidogo vya kufyonza unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na uvibadilishe vikichoka.

Kwenye kununua kilichotumika, kagua lenzi kuliko bodi. Fungua tundu lake lote, mulika tochi ya simu kutoka nyuma, tazama kwa mbele ukiinamisha pole pole. Vumbi chache si neno. Ukiona nyuzi nyembamba nyeupe zimetambaa kama mizizi pembeni mwa kioo, hiyo ni kuvu. Hewa ya pwani itailisha hadi ifunike kioo kizima, na inaweza kuhamia kwenye lenzi nyingine utakazozihifadhi nayo. Kisha mwombe muuzaji azime taa ya duka, ibaki ya simu yake tu, weka f/1.8, 1/100, ISO 3200, mpige akiwa anatembea. Kama fokasi haimpati kwenye picha tatu kati ya tano, punguza bei au mrudishie.